Kilomita 16 za Mwisho Kuingia Lubumbashi kwa Miguu

Huku Katanga, kusini mwa Kongo, anayeondoka Kolwezi kwa miguu ana kilomita 300 hivi hadi Lubumbashi. Akienda kilomita 25 kwa siku na kulala Likasi usiku mmoja zaidi ili apumzishe nyayo, safari inamchukua siku 13. Siku ya kwanza mabega ndiyo yanayolalamika, siku ya tatu ni nyayo, na kuanzia ya sita mwili unanyamaza kwa sababu umekubali. Inabaki siku ya mwisho, na kwa sisi tunaoipenda barabara hii, hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko zote. Malengelenge mabaya, magoti yaliyovimba, watu walioishiwa maji karibu kabisa na mji: mengi ya hayo hutokea siku ile. Sababu haina siri. Kichwa kimekwisha kufika nyumbani na kuoga, miguu bado iko porini, na msafiri anamsikiliza kichwa.

Kosa kubwa la siku hiyo hufanyika siku moja kabla. Jioni ile msafiri anapiga hesabu, anaona zimebaki kilomita 35, anasema: kesho nazimaliza zote. Tupige hesabu vizuri. Mwenye mzigo wa kilo 10 kwenye lami huenda kilomita 4 na nusu kwa saa, hata awe na nguvu. Kilomita 35 ni karibu saa 8 za kutembea tu. Ongeza mapumziko ya dakika 10 kila saa, ongeza nusu saa ya kula, ongeza salamu za watu njiani, ambazo Katanga huwezi kuzikwepa wala hupaswi. Hizo ni saa 10. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi unafika saa kumi jioni, na hiyo ni kama hakuna lolote lililoharibika. Mwezi wa Juni jua linazama kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni, na giza letu halisubiri. Lengelenge moja tu linatosha kukuingiza mjini usiku, ukiwa umechoka, na begi mgongoni, katikati ya malori.

Kwa hiyo siku ya mwisho iwe ndiyo fupi kuliko zote, na ufupi huo upangwe tangu Likasi. Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi. Gawa hivi: siku nne za kilomita 26, jumla 104. Zinabaki 16. Kilomita 16 ni saa nne pamoja na mapumziko. Ukitoka alfajiri unakuwa umefika kabla ya saa tano asubuhi, jua halijawa kali, maduka yamefunguliwa, na ukipata tatizo una mchana mzima wa kulitatua. Anayesema kilomita 16 ni aibu kwa mtu aliyezoea 26 hajawahi kuziingia kwa mguu unaochechemea.

Majira nayo yana neno lake. Mvua zinaanza Novemba na kushika hadi Machi. Wakati huo kando ya lami ni tope, na lori likipita unaoga. Septemba na Oktoba ni joto na moshi wa nyasi zinazochomwa, na vijito vidogo vimekauka. Mei hadi Julai ndiyo miezi ya kutembea. Lakini usidanganywe na jua la mchana: Lubumbashi iko kwenye urefu wa zaidi ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Sweta moja nzito na soksi kavu za kulalia zibaki kwenye begi hadi mwisho. Wengi hugawa nguo zao nzito usiku wa kuamkia siku ya mwisho ili wapunguze mzigo. Ni moyo mzuri, ila subiri asubuhi, baridi ikishapita ndipo ugawe.

Usiku huo wa mwisho usilale kando ya barabara. Karibu na mji malori hayalali, na mtu peke yake kwenye hema dogo haeleweki: anaweza kudhaniwa mwizi, mgonjwa wa akili, au mtu anayetafuta madini kwa siri. Ingia kijijini kabla ya saa kumi jioni, uliza nyumba ya chefu, yaani mkuu wa kijiji, simama uani, piga hodi, ngoja. Msalimie kwanza, umweleze umetoka wapi na unakwenda wapi, mwonyeshe kitambulisho. Kwa Mkongomani kadi ya mpiga kura inatosha, kwa mgeni ni pasipoti yenye viza. Ndipo uombe mahali pa kulala. Maneno ni mepesi (L'shi ni Lubumbashi): «Jambo yenu, baba. Natoka Likasi na miguu, kesho naingia L'shi. Naomba pa kulala usiku moja tu.» Kilo ya sukari, sabuni au chumvi ni zawadi inayofaa zaidi ya noti. Andika namba yake ya simu. Utaihitaji.

Jioni hiyo kula bukari, yaani ugali. Kula ya kutosha, na sombe (majani ya muhogo) au samaki, hata kama hamu haipo. Chakula cha jioni ndicho kinachotembea asubuhi. Mtu anayesema «nitakula nyumbani» ndiye yule yule anayetetemeka mikono kilomita nane kabla ya nyumba hiyo. Asubuhi ni chai yenye sukari, viazi vitamu vilivyochemshwa usiku, na mfukoni karanga gramu 200 zilizokaangwa na chumvi. Gramu 100 za karanga zina kalori karibu 560, hakuna chakula kingine cha barabarani kwetu kinachobeba nguvu hivyo kwa uzito mdogo hivyo. Tafuna ngumi moja kila pumziko, usingoje njaa.

Maji: lita 3, zikiwa tayari safi kabla ya kuondoka. Kuchemsha kunatosha, yakitokota kwa nguvu dakika moja yameiva. Ukitumia vidonge vya klorini, soma pakiti kwa makini, maana vidonge havilingani. Kile cha miligramu 67 kimetengenezwa kwa lita 20, na ukikitumbukiza kwenye chupa ya lita moja umeharibu maji. Kidonge chochote kipe dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa, la sivyo uchafu unaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Lita moja kati ya hizo tatu itie sukari na chumvi: vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ni dawa ile ile ya mtoto anayeharisha, na inamfaa sana anayetoa jasho. Usizidishe chumvi kwa kudhani unaongeza nguvu, unaongeza kiu.

Sasa miguu, ambayo ndiyo kiini cha yote.

Lengelenge linataka vitu vitatu: msuguano, unyevu na joto. Ondoa kimoja na halizaliwi. Siku ya mwisho vyote vitatu huja pamoja, kwa kuwa msafiri anaongeza mwendo bila kujijua, hatua zinakuwa ndefu, vidole vinagonga mbele ya kiatu, na hasimami kubadilisha soksi kwa sababu «tumeshafika». Kata kucha usiku uliotangulia, moja kwa moja, si kwa kuzungusha pembe. Asubuhi paka vaselini kidogo katikati ya vidole na kwenye kisigino, vaa soksi kavu, funga kamba za viatu zikaze kwenye kifundo lakini zilegee kidogo juu ya vidole. Kilomita ya nane, ambayo ni nusu ya njia, vua viatu. Vua hata kama hakuna kinachouma. Dakika 15 miguu hewani, soksi nyingine, zile mbichi zining'inie nje ya begi. Dakika hizo 15 ndizo zinazorukwa kuliko kitu kingine chochote siku hiyo, na ndizo zenye thamani kuliko zote.

Ukihisi mahali panapochoma kama pamewekwa kaa la moto, simama hapo hapo, wala usingoje mti unaofuata. Kausha, bandika plasta pana isiyo na mikunjo, kona zake zikatwe mviringo ili zisijikunje ndani ya soksi. Lengelenge likiwa limeshajaa maji lakini ni dogo na halizuii hatua, liache lilivyo. Ngozi ya juu ndiyo bandeji bora kuliko zote. Likiwa kubwa na linakufanya ukanyage kwa upande, litoboe: nawa mikono kwa sabuni, pitisha sindano kwenye moto hadi iwe nyekundu, ngoja ipoe, toboa pembeni karibu na ukingo, bonyeza polepole maji yatoke, acha ngozi ilale pale pale, funika. Kuichuna ngozi ile ni kujitafutia kidonda cha wiki mbili. Na kukanyaga kwa upande ili kulikwepa lengelenge ni kubaya kuliko lengelenge lenyewe, maana baada ya kilomita tano goti ndilo linalolipa.

Kuna jambo moja la lami ambalo wengi hawalijui. Barabara haiko bapa. Katikati imeinuka na kingo zimeshuka ili maji ya mvua yatiririke. Kwetu magari yanakwenda kulia, kwa hiyo mtembea kwa miguu anakaa kushoto ili ayatazame usoni, na kwa siku 12 mguu wake wa kushoto umekuwa ukikanyaga chini kidogo kuliko wa kulia. Maumivu ya upande wa nje wa goti yanayojitokeza karibu na mwisho wa safari mara nyingi yanatoka hapo. Dawa yake ni kushuka kwenye njia ya udongo inayokwenda sambamba na lami. Ipo karibu kila mahali, imechongwa na miguu ya wenyeji na magurudumu ya kinga, yaani baiskeli, nayo ni laini na bapa. Tumia hiyo, panda lami pale tu njia inapokatika.

Maumivu ya mbele ya muundi yachunguzwe kwa kidole. Yakiwa yameenea kwa urefu wa mfupa na yanapungua mwili ukipata joto, punguza mwendo, fupisha hatua, endelea. Yakiwa mahali pamoja, ukibonyeza kwa ncha ya kidole unaruka, na usiku yalikuamsha ukiwa umelala, huenda mfupa umeanza kupasuka. Hapo safari ya miguu imekwisha, hata kama zimebaki kilomita tatu. Panda gari. Kilomita tatu zinaweza kurudiwa miezi minne baadaye. Mfupa uliovunjika kabisa unadai zaidi ya hiyo miezi.

Nayo magari ni somo zima. Barabara ya Likasi ni sehemu ya RN1, barabara ya taifa namba moja, na kinachopita humo ni malori ya migodi, mengi yakitoka kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kurudi huko. Zambia wanaendesha kushoto, kwa hiyo usukani wa malori yao uko kulia. Yakiingia kwetu yanakwenda upande wa kulia na dereva amekaa upande wa ukingo wa barabara. Anapotaka kulipita lori jingine hawezi kuona mbele mpaka atoe pua ya lori lake lote upande wa pili, na kwa lori linalokwenda uendako wewe, upande huo wa pili ndipo unapotembea. Kwa hiyo ukisikia malori toka nyuma yako, geuka; ukiona mawili yanakuja moja nyuma ya jingine, usimtazame dereva wa mbele, mtazame wa nyuma. Akianza kuchungulia, shuka majanini hatua tatu, geuza mgongo, shika kofia. Upepo wa trela iliyojaa unaweza kumyumbisha mwenye begi, na kokoto ndogo zinarushwa kama manati. Kitambaa kilicholoweshwa maji puani na mdomoni kinazuia vumbi kuliko kikavu. Usivae vyeusi, na usizibe masikio kwa muziki.

Hatari nyingine haina kelele. Wabeba makala, yaani mkaa, wanakuja na kinga zao toka nyuma, magunia matatu au manne yamepangwa hadi juu ya kichwa, kwenye mteremko hawawezi kusimama hata wakitaka. Sikiliza mnyororo. Mpishe yeye, maana mzigo wake ni mzito kuliko wako na ameanza kuusukuma kabla hujaamka. Tena ni watu wa kuulizwa habari za njia: wanajua kila kisima, kila mteremko, na wapi barabara imechimbika jana.

Kivuli cha kupumzikia kipo kwenye vichuguu. Vichuguu vya nchi hii ni vilima vya meta kadhaa, na miti inayoota juu yake huwa na majani hata msitu wa chini ukiwa umepukutika. Piga ardhi kwa fimbo, tazama mashimo, kisha ndipo uketi, kwa kuwa nyoka nao wanapapenda. Ukianza kuona vichuguu vilivyokatwa nusu na matanuru yanayotoa moshi kando yake, ni wachoma matofali, wanaotumia udongo huo, na mji haupo mbali tena. Kuanzia hapo njia ya udongo inajaa watu, taksimoto zinapita pande zote mbili, na kila baada ya hatua mia kuna anayeuza mandazi au munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Munkoyo uuache mpaka ukifika. Si mbaya, lakini tumbo la mtu aliyechoka halina uvumilivu, na maji yaliyoukoroga hukuyaona.

Pale mtakapoona uzio wa mgodi na njia nzuri ya mkato ndani yake, msiingie. Maeneo hayo yana walinzi, na mtu mwenye begi kubwa hana maelezo yatakayoaminiwa haraka. Kwenye kizuizi chochote, simu iwe mfukoni. Usipige picha askari, daraja, mgodi wala kituo cha ushuru wa barabara, hata kama bango la «Lubumbashi» lililo nyuma yake ndilo ulilolitembelea kilomita 300. Pita kwanza, picha utapata mbele.

Halafu watu wema. Siku ya mwisho ndiyo wanasimamisha gari zaidi kuliko siku nyingine zote, maana unaonekana umechakaa na mji uko pale. Andaa jibu tangu usiku, la sivyo saa ya uchovu litajitunga lenyewe. «Asante sana, yaya, nimeahidi kumaliza na miguu» linaeleweka na halimvunjii mtu heshima (yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa). Ahadi ni neno linaloheshimika kwetu. Ukisema unatembea kwa kujifurahisha, utabaki hapo dakika 20 ukieleza.

Simu ibaki na chaji ya asilimia 40 asubuhi hiyo, izimwe mtandao, iwashwe kila baada ya saa mbili. Mtu mmoja mjini ajue umeondoka kijiji gani, saa ngapi, umevaa rangi gani, na saa ambayo akikukosa aanze kukutafuta. Saa hiyo iwe moja, mfano saa saba mchana, si «mchana mchana hivi». Naye akupokee mahali pamoja panapojulikana. Mimi napendelea Place de la Poste, katikati ya mji. Ni mahali pa kweli pa kufikia, kuna pa kuketi, na hata mtoto anakuelekeza. Ukifikia tu «mjini», utashangaa kwamba mji unaendelea na wewe unaendelea, na hujui lini umemaliza. Wapo wanaofika na kulia, wapo wanaofika na kutohisi kitu chochote kwa siku mbili tatu, wanakaa tu kitandani wakitazama begi. Vyote viwili ni vya kawaida. Mwili umezoea kuamka na kazi moja iliyo wazi, na ghafla kazi hiyo haipo.

Ukifika nyumbani, usijitupe kitandani na viatu. Osha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha katikati ya vidole, kisha tafuta taa nzuri utazame funza pembeni mwa kucha na kupe kwenye kinena na nyuma ya magoti. Lala chali dakika 20 miguu ikiwa juu ya ukuta au mto, uvimbe unashuka. Kunywa hadi mkojo uwe wa rangi ya majani makavu hafifu, na bia ingoje kesho. Viatu vijaze karatasi za gazeti, viache kivulini. Juani au karibu na makaa gundi inaachia na soli inafumuka. Wiki nzima inayofuata tembea nusu saa kila siku bila mzigo, kwani misuli inayosimamishwa ghafla inakakamaa. Ukipata homa kuanzia siku ya saba tangu usiku wowote uliolala bila chandarua, usiseme ni uchovu wa safari. Nenda kapimwe malaria siku hiyo hiyo, na mwambie anayekupima ulikolala.

Daftari lifunguliwe jioni ile ile, kabla ya kulala: kisima kiko kilomita ya ngapi, nani alikupa maji, njia ya udongo inakatika wapi, mkate uliuzwa franka ngapi. Kufikia kesho yake nusu imepotea.

Na zile namba za simu. Kila chefu aliyekulaza, kila mama aliyekuwekea maji ya kuoga, mpigie au mtumie ujumbe jioni hiyo hiyo: nimefika. Kijiji cha siku ya nne hakijui kama ulivuka ya tano. Kuna mzee huko uani, karibu na moto, ambaye tangu ulipoaga anauliza wapita njia kama wamekuona.